Moshi wa buluu kwenye gari la turbo: pima kabla ya kununua

Moshi wa buluu ni dalili kwamba oili ya injini inaungua. Moshi mweusi hutokana na petroli au dizeli iliyozidi hewa, na ule mweupe mzito wenye harufu tamu hutokana na maji ya rejeta, na hiyo miwili ina tiba zake. Kwenye gari la turbo, yaani lenye feni inayosukumia injini hewa zaidi, lawama huiangukia turbo papo hapo, na nimesikitika kuona watu wakifunga turbo mpya inayovuja oili kama ile ya zamani, kwa sababu chanzo hakikuguswa.

Anza kwa kuangalia ni wakati gani moshi hutoka. Ukitoka asubuhi gari linapowashwa kisha ukakoma, au ukitoka unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima ukiwa umeachia pedali, zishuku sili za valvu, yaani vizuizi vya oili kwenye valvu. Ukitoka mfululizo gari linapopanda mlima kwa nguvu, shuku turbo au ringi za pistoni, yaani pete zinazoziba oili isipande ndani ya silinda. Wingu likitoka unapoondoka baada ya kusimama kwa muda kwenye foleni, huenda ni turbo, ingawa sili za valvu nazo hufanya hivyo. Wenye Subaru Forester wajue kwamba silinda za injini yao zimelala ubavu, hivyo moshi kidogo wa kuwashia asubuhi si lazima uwe ugonjwa.

Injini ikiwa imepoa, fungua mpira wa hewa unaoingia kwenye turbo na ushike ncha ya shafti, yaani mhimili wa turbo. Kuchezacheza kidogo kwa pembeni ni kawaida, kwa kuwa shafti huelea juu ya oili, lakini ukiisikia ikienda mbele na nyuma, au mapanga yakiwa yamekwangua kasha, turbo hiyo imekwisha. Utando mwembamba wa oili ndani ya mabomba ya kuingizia hewa usikutishe. Oili iliyotuama ndiyo ya kutisha, hasa kwenye dizeli, ambayo inaweza kuivuta oili hiyo kama mafuta na kunguruma bila kusikia ufunguo. Gari la namna hiyo lisiendeshwe.

Mahali panaposahaulika zaidi ni bomba la kurudishia oili. Shafti huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na pampu huisukumia oili kwa shinikizo, lakini oili hiyo hurudi chini kwa uzito wake tu. Bomba likizibwa na masizi, likipindwa, au likijazwa gundi ya gasketi na fundi mwenye haraka, oili hukosa njia na kupenya kwenye sili za turbo, hata kama turbo ni mpya kabisa. Ndivyo inavyokuwa pia pale tumbo la injini, yaani sehemu ya chini yenye oili, linapojaa hewa kwa sababu valvu yake ya kupumulia imeziba au ringi zimelika. Fungua kizibo cha oili injini ikinguruma taratibu: hewa ikipuliza kwa nguvu, anza na valvu hiyo, ambayo ni rahisi kubadilisha.

Tatizo likibaki, pima kompresheni, yaani shinikizo ndani ya kila silinda, injini ikiwa ya moto, plagi zote zikiwa nje. Silinda iliyo dhaifu itie kijiko cha oili upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimekwisha. Kwenye silinda zilizolala oili haisambai vizuri, kwa hiyo ni afadhali kupima uvujaji kwa hewa ya kompresa.

Ikithibitika kwamba ni turbo, badilisha pia bomba linaloileta oili, chujio na oili yenyewe, kisha usafishe mabomba ya kuingizia hewa. Mimina oili safi ndani ya turbo, na uizungushe injini kwa stata bila kuiwasha mpaka taa ya oili izimike. Moshi utaendelea kwa muda kutokana na oili iliyobaki kwenye mabomba. Weka alama kwenye kijiti cha kupimia oili na ukikague kila baada ya kilomita 500.