Mvua Imepiga Uluguru: Namna ya Kukadiria Dakika za Maji Kufika Mjini

Morogoro mjini unaweza kuwa juani kabisa huku mto ukishuka na magogo. Mvua imenyesha juu, kwenye milima ya Uluguru. Aliyeko bondeni ana dakika ngapi? Umbo la ardhi linajibu sehemu kubwa ya swali hilo.

1. Pakua data ya miinuko ya ardhi iitwayo SRTM (ilipimwa kwa rada kutoka angani mwaka 2000, kila mraba una upande wa kama mita 30). Ifungue kwenye QGIS, programu ya bure ya ramani.

2. Ziba kwanza mashimo bandia yaliyomo kwenye data, ndipo uchore mikondo. Kisha weka alama mahali unapopahofia, mfano darajani, uchore kidakio chake, yaani eneo lote ambalo mvua yake hutiririkia hapo. Alama ikae juu ya mkondo wenyewe. Ikipotoka kwa mraba mmoja tu, programu inaweza kukupa kidakio cha ukubwa wa shamba la mahindi. Hapa ndipo wengi ninaowafundisha hukwama.

3. Pima njia ndefu kuliko zote ya maji, kutoka mgongo wa mlima hadi darajani, kwa mita: hiyo ni L. Gawa tofauti ya mwinuko kwa L upate mteremko, S.

4. Tumia kanuni ya Kirpich ya mwaka 1940, inayokadiria dakika ambazo maji huchukua kutoka mwanzo wa njia hiyo hadi darajani:

dakika = 0.0195 × L^0.77 × S^−0.385

Tuseme L ni 8,000 na maji yanashuka mita 1,200. S ni 0.15, jibu dakika 41. Ilaze ardhi hiyo mpaka S iwe 0.01, na maji yatachukua dakika 116 kwa urefu uleule. Ila kanuni hii ilitokana na vidakio vidogo vya mashamba huko Tennessee, Marekani. Usiibebeshe mto mzima wa Ruvu.

5. Tazama umbo la kidakio. Kikiwa cha mviringo kama ungo, maji ya vijito hufika darajani karibu kwa pamoja, na mafuriko hupanda ghafla. Kikiwa kirefu na chembamba, maji huja kwa zamu. Kanuni ya Kirpich hailioni jambo hili, nami naliogopa kuliko mteremko.

6. Hakiki. Mwombe mkazi wa mlimani akupigie simu mvua kubwa inapoanza. Wewe kaa ukingoni, mahali pa juu, uandike saa maji yanapopanda. Yakiwahi kuliko hesabu, fuata saa yako. Maji yaliyozama ardhini usiyasubiri: hayo huweza kuchukua miezi, hata miaka, kuibuka, na ndiyo yanayoubakiza mto hai wakati wa kiangazi.