Jinsi ya Kudai Mgao wa Fedha za Bahati Nasibu kwa Sanaa na Michezo nchini Kenya

Kabla ya kikundi cha ngoma au timu ya mtaa kuandika barua hata moja, wanachama wajue kwanza fedha wanazozidai ziko wapi. Nchini Kenya, kodi za bahati nasibu, kamari na ubashiri zilikusudiwa kulisha Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ulioundwa kwa kanuni za mwaka 2018 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Lisomeni jina hilo kwa makini. Maendeleo ya jamii yanajumuisha afya, kwa hiyo msanii anayedai mgao anapanga foleni moja na mgonjwa, na hoja inayoonekana kumnyang'anya mgonjwa dawa itashindwa, tena kwa haki. Daini mgao wa sanaa na wa michezo utajwe waziwazi, kila mmoja peke yake, na utolewe kwa wakati.

Mfano wa Uingereza unafaa kutajwa mbele ya wabunge. Sheria ya mwaka 1993 ndiyo iliyoanzisha bahati nasibu ya taifa huko, na droo ya kwanza ikachezeshwa tarehe 19 Novemba 1994. Sanaa na michezo hupata asilimia 20 kila moja ya fedha zinazotengewa shughuli za manufaa kwa umma. Nchi iliyorudi kutoka Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 na medali moja tu ya dhahabu ilijinyakulia 29 jijini London mwaka 2012, baada ya wanariadha wake kugharimiwa kwa fedha hizo kwa miaka kadhaa. Hata hivyo, mwaka 2007 serikali iliamua kuchota pauni milioni 675 zaidi kutoka kwenye mgao wa shughuli hizo ili kugharimia maandalizi ya Olimpiki hiyo hiyo, na wasanii walilalamika sana. Mgao ulioandikwa katika sheria, basi, bado unahitaji walinzi.

Kampeni ifuate kalenda ya bajeti. Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika Bungeni kufikia tarehe 15 Februari, na makadirio ya matumizi kufikia tarehe 30 Aprili. Anayeanza kupaza sauti mwezi Juni amechelewa. Kamati za Bunge zinapoitisha maoni ya umma, pelekeni maandishi mafupi na mtu wa kuyaeleza, ikiwezekana kocha au mwigizaji anayeweza kusimulia kwa hesabu kamili gharama ya nauli, jezi, ukumbi na vifaa kwa msimu mmoja.

Silaha iliyo bora zaidi, kwa maoni yangu, ni ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi, ambayo Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuiwasilisha Bungeni. Inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono au kwa chapa, kwa lugha ya heshima na bila kufutafuta. Ieleze ni juhudi gani mmekwisha kufanya kwa ofisi husika na jibu mlilopata, na iseme kama suala hilo liko mahakamani au la. Kwa hiyo tunzeni nakala ya kila barua yenye mhuri wa kupokelewa. Kila karatasi ibebe kichwa cha suala, na kila mtia saini aandike jina, anwani na nambari ya kitambulisho. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole gumba. Mwishoni andikeni ombi moja lililo wazi, kwa mfano kwamba kiwango cha mgao kiingizwe katika sheria yenyewe badala ya kuachwa kwenye kanuni. Ardhilhali yenye maombi kumi huiachia kamati nafasi ya kujibu lile lililo jepesi.

Katika mikutano yenu, msiwasifu wachezaji kamari wala msikubali fulana za kampuni za ubashiri. Vijana wanaopoteza karo kwa kubashiri ni wale wale mnaowatafutia uwanja, na wazazi wao watakuwa wanawatazama.

Fedha zikishatengwa, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 kuuliza kiasi kilichotolewa, kwa nani na lini. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Linganisheni jibu hilo na ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kisha nendeni uwanjani au ukumbini mkaangalie kama kazi iliyolipiwa imefanyika.