Kutafuta kemikali za kuzuia virusi kwenye mimea dawa: pima seli kabla ya kirusi

Natumia mfano wa mizizi ya mtanda-mboo (Carissa edulis), ambayo imeshapimwa Kenya dhidi ya virusi vya herpesi. Njia ni ileile kwa mmea wowote.

Hatua ya 1: Mmea na kumbukumbu zake. Muulize mganga anatibu nini, anachimba msimu gani, anachemsha au analoweka. Mkubaliane mapema, kwa maandishi, atanufaikaje kemikali ikipatikana. Hiyo ni haki yake. Chimba mizizi ya upande mmoja tu, mti usife. Tawi lenye maua lipeleke herbariamu (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) lipewe namba, na uandike mahali ulipolikata. Usipuuze hili. Mwaka 1987 majani ya Calophyllum lanigerum yalichumwa Sarawak, Malaysia, yakatoa kalanolaidi A inayozuia VVU. Watafiti waliporudi, mti ule ulikuwa umeshakatwa, na mingine ya aina hiyo ilikuwa na kemikali hiyo kidogo mno au haina kabisa.

Hatua ya 2: Mchujo. Kausha kivulini, saga, loweka sehemu moja kwenye maji na nyingine kwenye methanoli (aina ya alkoholi). Chuja, kausha, pima uzito.

Hatua ya 3: Sumu kwanza. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mchujo unaoua seli utaonekana umeua virusi, kwa sababu kirusi hakizaliani ndani ya seli mfu. Otesha seli za Vero (seli za figo ya tumbili) kwenye sahani ya visima 96, weka mchujo kwa viwango vinavyopungua nusu kwa nusu, DMSO (kimiminika cha kuyeyushia mchujo) isizidi asilimia 0.5. Baada ya siku tatu tia MTT (rangi ya kupimia seli hai): penye seli hai rangi ya manjano hugeuka zambarau, penye seli zilizokufa hubaki manjano. Kiwango kinachoua nusu ya seli ndicho CC50.

Hatua ya 4: Kirusi. Tumia sahani ya visima 24, ndani ya kabati salama. Ambukiza seli kwa saa moja, suuza, kisha weka mchujo usiofikia kiwango cha sumu, uliochanganywa na ute wa methilselulosi. Baada ya siku mbili tatu zigandishe seli kwa fomalini, uzipake rangi ya kristali vayoleti. Kila tundu lisiloshika rangi ni mahali kirusi kilipoangamiza seli, yahesabu. Visima vingine viwe na asaiklovia (dawa ya herpesi) ya kulinganishia, na vingine visiwe na dawa yoyote. Kiwango kinachopunguza matundu kwa nusu ni EC50. Gawanya CC50 kwa EC50: CC50 ya 400 kwa EC50 ya 20 ni 20. Mimi huendelea na mchujo uliovuka 10.

Hatua ya 5: Ondoa tanini. Tanini (kemikali chungu za mimea) hung'ang'ania karibu kila protini, ya kirusi na ya seli, hivyo majibu huonekana mazuri bure. Pitisha mchujo kwenye poliamaidi (unga unaonasa tanini), upime upya. Nguvu ikitoweka, chagua mmea mwingine.

Hatua ya 6: Tenganisha. Gawa kwa vimumunyisho vya heksani, ethili asetati na butanoli, upime kila fungu. Lenye nguvu lipitishe kwenye safu ya silika (bomba lenye unga unaotenganisha kemikali), huku ukipima kila kinachotoka. Piga LC-MS (kipimo kinachotenganisha kemikali na kupima uzito wa molekuli zake) mapema kuona kama kemikali hiyo inajulikana tayari. Ikiwa ngeni, ndipo uisafishe miligramu chache za kupeleka kwenye NMR (kipimo kinachoonyesha muundo wa molekuli).