Gari limepita MOT? Bado ulizia mkanda wa taiming

Jamani mnaonunua gari la kwanza hapa Uingereza, nisikilizeni kwenye hili moja. MOT, ule ukaguzi wa lazima wa gari wa kila mwaka, haikagui injini. Narudia, hawakagui injini, wala klachi, wala giaboksi. Wanaangalia breki, taa, matairi (kashata ikiwa chini ya milimita 1.6 limefeli), bushi, shokapu, kutu ya chini, moshi na vitu kama hivyo. Mimi nimeuziwa gari lina MOT mpya, karatasi safi haina hata onyo moja, halikukaa sana injini ikanifia motawei na watoto wako nyuma. Mkanda wa taiming, ule unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio.

Sisi tuliotoka kwenye Vitz, IST na Probox hili jambo hatunalo kichwani kabisa, maana zile injini za 1NZ zina cheni, unabadilisha oili kwa wakati maisha yanaendelea. Huku vigari vingi vya bei nafuu vina mkanda wa mpira, ukikatika valvu zinagongana na pistoni na hapo injini ndo basi tena. Halafu kuna ile mikanda inayozunguka ndani ya oili, weti belti wanaziita, ziko kwenye Ford EcoBoost ya lita 1.0 za miaka ya nyuma na PureTech ya 1.2 ya Peugeot na Citroën. Ule mkanda ukichoka unameguka kidogo kidogo, vipande vinashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), vinaziba chujio la pampu, presha ya oili inashuka. Fundi alipofungua sampu ya kwangu chujio lilikuwa limejaa vipunje vyeusi kama majani ya chai. Ukiona taa nyekundu ya oili paki pembeni zima injini hapo hapo, usiseme ngoja nifike nyumbani.

Muuzaji akikwambia sevisi zote zimefanyika, usiridhike. Mihuri kwenye kile kitabu mara nyingi ni oili na filta tu. Dai risiti ya mkanda wenyewe, iwe na tarehe na maili. Hana risiti? Hesabu kwamba haujabadilishwa, na gharama yake itoke kwenye bei, ama uondoke.

Mengine ni ya kawaida: historia ya MOT unaisoma bure kwenye tovuti ya serikali kwa namba ya gari, lipia ukaguzi wa kujua kama gari lina deni la mkopo, rodi taksi haihami na gari, na V5C, ile karatasi ya usajili, sio ushahidi wa umiliki, msiifananishe na kadi ya gari ya nyumbani.

Kinachoniuma kwa hawa wenzetu Waingereza ni kuamini karatasi kuliko macho. Mtu hakudanganyi, ila usichouliza hasemi, na anaona yuko sawa kabisa. Kwetu muuzaji anakuongopea mchana kweupe lakini unaenda na fundi wako, boneti inafunguliwa, injini inasikilizwa ikiwa baridi. Fanyeni hivyo hivyo na huku hata wakishangaa, kama huna fundi, kampuni za AA na RAC wanakagua gari kabla hujanunua, unalipia.

Na nyie ndugu zetu mnaotutumia picha za Range Rover WhatsApp, "kaka huko si bei ya bure, nitumie moja", tunawapenda ila ulizeni kwanza kwa nini ni bei ya bure. Kenya likizidi miaka 8 haliingii, Tanzania linaongezewa ushuru wa uchakavu, halafu spea utazipata wapi?

Kama umenunua kwa dila na limekufa, una siku 30 za kulirudisha udai hela yako yote kwa sheria ya haki za mlaji ya 2015, ikipita hapo mpaka miezi 6 lazima kwanza umpe nafasi moja ya kutengeneza. Andika kwa imeli, usipige simu. Ukinunua kwa mtu binafsi haki hiyo huna, kwa hiyo ulizia mkanda kabla hujatoa hela.