Jinsi ya kusoma takwimu za wachezaji weusi wa besiboli Marekani bila kudanganywa na macho

Ukiangalia mechi ya MLB, ligi kuu ya besiboli Marekani, unaona watu weusi wamejaa tu uwanjani, alafu kesho yake unasoma mahali kwamba wachezaji weusi kwenye ligi hiyo wamebaki asilimia 6, unabaki unajiuliza nani anadanganya. Hakuna anayedanganya. Macho yako yanahesabu kitu kimoja na ile asilimia inahesabu kingine, na mabishano mengi ninayoyaona huko mtandaoni yanaanzia hapo hapo. Mi hili jambo naliona zito kwa sababu kuna watoto wa Kimarekani weusi wanaachwa nje ya huu mchezo mwaka baada ya mwaka, na dunia haishtuki kwa sababu kwenye tivii inaonekana kila kitu kiko sawa. Kwa hiyo nawaelekeza jinsi ya kuzipitia hizo namba.

Anza na hili: uliza ni nani anahesabiwa. Ile asilimia 6 inayotangazwa mwanzoni mwa msimu inawalenga Wamarekani weusi. Mdominika, yani mtu wa Jamhuri ya Dominika, kama yule nyota wa zamani David Ortiz, hata awe mweusi kiasi gani, anaingia upande wa Walatino, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mfano mzuri kabisa ni Pittsburgh Pirates, tarehe 1 Septemba 1971, siku ambayo kwa mara ya kwanza timu ya ligi kuu ilianzisha wachezaji tisa wote weusi. Hebu wapange. Gene Clines, Willie Stargell, Dave Cash, Al Oliver na mrushaji Dock Ellis, hao watano ni Wamarekani. Roberto Clemente alikuwa wa Puerto Rico, Manny Sanguillén na Rennie Stennett wa Panama, Jackie Hernández wa Cuba. Kwa macho ni tisa kwa tisa, kwa hesabu ya leo ni watano na wanne. Sasa chukua hiyo tofauti uieneze kwenye ligi nzima kwa miaka hamsini, utaelewa kwa nini watu hawaelewani.

Na kuna namba moja ukikutana nayo iogope, asilimia 27. Ilizunguka miaka mingi kama ndo kiwango cha wachezaji weusi wa miaka ya 70, magazeti makubwa yaliirudia, lakini SABR, chama cha watafiti wa besiboli, walipokuja kupitia majina upya wakakuta Wamarekani weusi hawakuwahi kufika huko, kilele chao ni asilimia 18.7 mwaka 1981. Ile 27 ilikuwa imebeba na Walatino weusi ndani yake. Kwa hiyo mtu akikwambia tumeshuka kutoka 27 mpaka 6 amelinganisha vitu viwili tofauti, mwambie ni kutoka 18.7, na hiyo peke yake inatosha kuumiza, hakuna haja ya kuiongezea chumvi.

Kingine ni mahali pa kuzaliwa. MLB kila ufunguzi wa msimu wanatoa orodha ya waliozaliwa nje ya yale majimbo 50 ya Marekani, na orodha hiyo inafuata ulipozaliwa basi, haijali umekulia wapi wala unajiitaje. Vladimir Guerrero Jr. alizaliwa Montreal mwaka 1999 baba yake akiwa anachezea timu ya pale, akakulia Dominika, akasajiliwa na Toronto Blue Jays mwaka 2015 kwa njia ileile wanayosajiliwa watoto wa Dominika, lakini kwenye orodha ya kuzaliwa ni Mkanada. Watu wa Puerto Rico nao wamo kwenye hiyo orodha ingawa ni raia wa Marekani tangu kuzaliwa. Alafu kuna kina Giancarlo Stanton, amezaliwa California, ana damu ya Kiafrika, ya Puerto Rico na ya Ireland, huyo utamuweka wapi kwa kumuangalia tu? Ndo maana nasema usihesabu kwa sura. Ukifungua ukurasa wa takwimu za mchezaji utakuta alipozaliwa, shule aliyosoma na mwaka aliochaguliwa kwenye drafti (ule mchujo wa timu kugawana vijana wapya), hautakuta rangi. Rangi na asili sikiliza mwenyewe anavyojieleza.

Sasa tuje kwenye mlango wa kuingilia, hapa kaa sana maana ndo penye moyo wa jambo lenyewe. Kuna njia mbili. Mtoto anayesoma Marekani, Kanada au Puerto Rico anasubiri drafti, yani amalize sekondari au aende chuo, alafu timu zinachagua kwa zamu. Mtoto wa Dominika au Venezuela haendi drafti, anaweza kusajiliwa akiwa na miaka 16, dirisha linafunguliwa tarehe 15 Januari, na timu zote 30 zina akademi zao Dominika ambako anakula, analala, anafundishwa kwa pesa ya timu. Simaanishi hao wa Dominika wanakula raha, wengi wanaachwa wakiwa bado vijana wadogo hawana shule wala kazi, hilo nalo ni tatizo kubwa la peke yake. Ninachotaka uone ni nani analipia mafunzo. Kule timu inalipa. Marekani analipa mzazi: ada ya timu za watoto zinazosafiri kushindana, hoteli, mafuta, serikali haimlipii, klabu haimlipii, na asiyesafiri haonekani na maskauti, wale watafuta vipaji wa timu. Andrew McCutchen, mtoto wa Fort Meade, Florida, aliyekuja kuwa nyota wa Pirates, aliandika wazi mwaka 2015 jinsi hizo gharama zinavyowaacha nje watoto wa familia maskini kama ilivyokuwa yake.

Ukimaliza hapo angalia chuo. Kwa miaka mingi timu ya besiboli ya chuo cha daraja la juu ilikuwa na skolashipu 11.7 za kugawana kikosi kizima, wakati futiboli ya Kimarekani ngazi ya juu ilikuwa na 85 kamili. Mzazi asiye na hela, mwanae ana mbio na nguvu, unadhani atampeleka wapi? Utaratibu huo umebadilishwa 2025, matokeo yake yatachukua miaka kuonekana. Na drafti yenyewe imefupishwa, 2019 ilikuwa na raundi 40, tangu 2021 ni 20, maana yake yule kijana mwenye kipaji kibichi aliyekuwa anachukuliwa raundi ya 30 kwa kubahatisha, siku hizi hachukuliwi.

Haya, chukua kikokotoo. Ufunguzi wa msimu wa 2024 kulikuwa na wachezaji 949 ukijumlisha na majeruhi, Wamarekani weusi asilimia 6.0, yani kama watu 57 hivi kwa timu 30, hawafiki hata wawili kwa timu. Mwaka uliofuata ikawa 6.2 na watu wakashangilia kwamba imepanda. Asilimia 0.2 ya watu 950 ni watu wawili. Nafurahi kwa hao wawili, kweli kabisa, ila usijenge hoja juu yao, mmoja akishushwa ligi ya chini wiki moja kabla hesabu inageuka.

Hesabu ya pili ndo muhimu zaidi. Kuna watu wanasema Wamarekani weusi wamepungua kwa sababu tu wageni wameongezeka. Ipime mwenyewe. Katika wale 949 wa 2024, waliozaliwa nje ya majimbo 50 walikuwa 264, wakiwemo Wadominika 108 na Wavenezuela 58. Watoe, wanabaki 685. Sasa 57 kwa 685 ni kama asilimia 8.3, na Wamarekani weusi nchini mwao ni kama asilimia 13 ya watu wote. Kwa hiyo hata ukiwaondoa wageni wote bado pengo lipo, na Mdominika hajamnyang'anya mtu nafasi, pengo limetengenezwa Marekani kwenyewe. Mi naomba sana hii hesabu muishike, kwa sababu ile lawama ya kuwasukumia Walatino inagombanisha watu ambao wote wanaumizwa na mfumo uleule wa timu kutafuta kipaji kwa bei rahisi.

Ukitaka kuona inavyokuwa kwenye kikosi halisi rudi fainali za 2022, Houston Astros na Philadelphia Phillies. Hakukuwa na mchezaji hata mmoja mweusi mzaliwa wa Marekani kwenye vikosi viwili, mara ya kwanza tangu 1950. Na bado ukitazama marudio utawaona weusi kibao, Yordan Alvarez wa Cuba yuleyule aliyepiga mpira uliowapa Astros ubingwa, Framber Valdez wa Dominika, na kwenye benchi kocha mkuu Dusty Baker, Mmarekani mweusi. Kwa hiyo makocha wahesabu peke yao, wachezaji peke yao, usichanganye.

Ila mwaka huohuo wa 2022 kwenye drafti, wanne kati ya watano wa kwanza walikuwa weusi: Druw Jones, Kumar Rocker, Termarr Johnson na Elijah Green. Na hapo tena angalia kwa makini, baba yake Druw ni Andruw Jones wa Curaçao, mama yake Kumar ana asili ya India, wote wawili wamekulia Marekani na wamepita drafti. Ukitaka kujua miaka mitano ijayo itakuwaje soma drafti, kikosi cha leo kinakuonyesha watoto wa miaka kumi iliyopita walivyolelewa.

Kwenye historia kagua tarehe. Jackie Robinson, mweusi aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu, aliingia Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947, Larry Doby akafuata Cleveland Julai mwaka huohuo, lakini Boston Red Sox hawakumchezesha mtu mweusi mpaka Pumpsie Green, Julai 1959, miaka kumi na miwili baadae. Na rekodi pia, ukisoma chapisho la kabla ya Mei 2024 litakwambia wastani bora wa kupiga mpira kwa maisha yote ya uchezaji ni wa Ty Cobb, .367. Baada ya MLB kuingiza takwimu za ligi za weusi za 1920 mpaka 1948, zile walizochezea enzi za ubaguzi, anayeongoza ni Josh Gibson kwa .372, mtu aliyefariki Januari 1947 bila kuruhusiwa kugusa uwanja wa ligi kuu kama mchezaji wake.

Mwisho kwa sisi wa huku. Mwafrika wa kwanza kuzaliwa barani na kufika MLB ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, 26 Aprili 2017 akiwa na Pirates, na mara yake ya kwanza kushika gongo akapiga salama. Uganda walipeleka watoto wao fainali za dunia za Little League, besiboli ya watoto, mwaka 2012, na Dennis Kasumba, kijana wa Kampala aliyejulikana kwa video zake za mazoezi, alifika kucheza kwenye MLB Draft League, ligi ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa kwenye drafti, 2023. Vijana wa Uganda wakishaanza kusajiliwa kwa wingi watapita mlango uleule wa kina Guerrero, wa kimataifa, kwa hiyo wakifika usiwatafute kwenye ile asilimia 6. Watafute kwenye orodha ya waliozaliwa nje, na ukishawapata angalia walisajiliwa na miaka mingapi na kwa pesa kiasi gani, alafu linganisha na Mdominika wa umri huohuo aliyesajiliwa mwaka huohuo.