Tazama upana wa mstari kabla ya kuhesabu

Mzaha wa vyeo vya wanamaji unapoanza hapa Goma tukisubiri boti la Bukavu, shauri langu ni hili: katika picha ya ofisa wa Marekani, tazama kwanza upana wa mistari ya dhahabu kwenye mkono wa koti, ndipo uihesabu. Mmoja mwembamba ni wa ofisa wa chini kabisa, minne ni ya kapiteni, lakini mmoja mpana sana ni wa admirali wa ngazi ya chini, na utamu wote wa mzaha uko hapo, kwa kuwa mwenye mmoja humwamuru mwenye minne. Kanuni hii haifai kwa Ufaransa, ambako kapiteni wa manowari huvaa mitano na maadmirali huvaa nyota, wala kwa manahodha wa meli za abiria, ambao wengi huvaa minne ingawa si wanajeshi.