Kuchagua uwanja mdogo wa ndege kwa safari ya kikazi: Wilson, Ukunda na vinginevyo

Mtu akiitwa kwenye mkutano Nairobi, mara nyingi hukimbilia kutafuta tiketi ya kushukia Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, kwa kuwa huo ndio uwanja anaoujua na ndio unaotajwa na kila wakala. Anachosahau ni kwamba mkutano hufanyika katika ofisi fulani, kwenye barabara fulani, saa fulani, na kwamba kati ya ngazi ya ndege na mlango wa ofisi hiyo ipo safari ya pili ambayo haikuandikwa kwenye tiketi. Kwa hiyo, kabla ya kutazama nauli, andika mahali hasa unapokwenda, kisha uangalie ni uwanja upi ulio upande huo wa jiji.

Nairobi ina viwanja viwili vinavyomfaa msafiri wa kawaida. Jomo Kenyatta uko Embakasi, kusini mashariki mwa jiji, umbali wa kilomita zipatazo 15 kutoka katikati. Wilson uko kwenye Barabara ya Lang'ata, kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji, ukipakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Huu wa pili ulipewa jina lake mwaka 1962 kumkumbuka Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929, na tangu enzi hizo umebaki kuwa makao ya ndege ndogo: za watalii, za kukodi, za madaktari wa AMREF wanaofuata wagonjwa vijijini, na za abiria wanaokwenda Lamu, Malindi, Ukunda na Lodwar.

Ukiwa na shughuli Karen, Lang'ata, Mbagathi, Barabara ya Ngong au Upper Hill, Wilson utakufikisha mapema kuliko Embakasi, na tofauti hiyo huonekana zaidi saa za asubuhi Barabara ya Mombasa inapofurika magari. Ukiwa na shughuli Industrial Area, Mlolongo au kwenye viwanda vya Athi River, Jomo Kenyatta ndio mlango wako, na kushukia Wilson ni kujipeleka nyuma bure. Westlands inahitaji kufikiriwa upya, kwa sababu barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022 na yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, imepunguza sana adha iliyokuwa ikiwafanya watu waukimbie uwanja mkubwa. Kwa Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa, mimi hushauri Jomo Kenyatta pia, kwani anayetoka Wilson hulazimika kukata jiji lote kutoka kusini hadi kaskazini, ilhali anayetoka Embakasi hupanda barabara ya juu na kuteremka Museum Hill.

Baada ya hapo, pima safari nzima kutoka mlango hadi mlango, ukianzia mwisho na kurudi nyuma. Nitaeleza kwa mfano ninaoujua. Mimi huuzia hoteli vifaa vya jikoni na ninaishi Diani, pwani, kusini mwa Mombasa. Nikiwa na miadi Karen, ninazo njia mbili. Njia ya kwanza ni kwenda Uwanja wa Moi, Mombasa: nivuke feri ya Likoni au nizunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, nifike Port Reitz mapema vya kutosha kukaguliwa, niruke hadi Embakasi, kisha nishike Southern Bypass kuelekea Karen. Njia ya pili ni kwenda uwanja wa Ukunda, ambao kwangu ni mwendo wa dakika chache kwa tuktuk, niruke hadi Wilson, kisha niingie Barabara ya Lang'ata moja kwa moja. Nauli ya njia ya pili mara nyingi huwa juu. Lakini ukijumlisha teksi mbili ndefu, chai ya alfajiri na nusu siku ya kazi iliyopotea njiani, aghalabu pengo hilo hupungua, na mara nyingine huisha kabisa.

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo halionekani kwenye hesabu ya kilomita, nalo limewahi kunivurugia siku. Ndege nyingi za kampuni ndogo hulala Wilson. Ndege ya kwanza ya siku huondoka Nairobi kwenda pwani, hushusha watu, hupakia wengine, ndipo hurudi. Maana yake ni kwamba anayekaa Nairobi anaweza kwenda Diani asubuhi, akafanya kazi yake na kurudi jioni, ilhali anayekaa Diani hawezi kutegemea ndege hiyo kwa mkutano wa saa tatu asubuhi Nairobi. Nilipolielewa hilo nikaacha kupigana na ratiba: sasa huomba miadi ya alasiri, na pale mwenyeji asipoweza kuisogeza, mimi huenda siku moja kabla. Kwa hiyo, unapoulizia uwanja mdogo wowote, uliza pia ndege hulala wapi.

Uliza vilevile kama ndege inatua njiani. Ndege ndogo hufanya kazi kama matatu: huweza kupita Malindi kabla ya Lamu, au kuteremka kwenye viwanja viwili vya Maasai Mara kabla ya kufika unakokwenda, na mpangilio huo huamuliwa kwa kufuata abiria waliopo siku hiyo.

Mizigo na uzani

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi huumia, hasa wanaobeba sampuli. Wilson uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, na njia zake za kurukia zina urefu wa takriban kilomita moja na nusu, wakati ile ya Jomo Kenyatta inazidi kilomita nne. Hewa ya mwinuko huo ni nyepesi, na ndege hupata shida zaidi kunyanyuka, hivyo kila kilo huhesabiwa. Ndiyo maana kampuni nyingi huweka kikomo cha kilo 15, wakijumlisha na mkoba wa mkononi, na hutaka begi laini lisilo na fremu ngumu, maana sehemu ya mizigo ya Cessna Caravan iko chini ya tumbo la ndege na mlango wake ni mdogo.

Nakumbuka asubuhi moja niliyofika kaunta na sanduku la plastiki gumu lenye visu, vipimo na katalogi. Mizani ilisoma kilo 19. Kijana wa kaunta aliniambia kwa adabu kwamba ndege imejaa na ziada haiwezi kupanda hata nikiilipia. Nilifungua sanduku pale pale chini, nikatoa katalogi moja moja, zile kubwa zenye karatasi nzito za kung'aa, hadi mshale ukashuka. Visu vilibaki vimefungwa kwenye taulo ndani ya begi la kuazima. Tangu siku hiyo katalogi huzituma kwa kampuni ya vifurushi siku mbili kabla, na mteja huzikuta mezani nikifika. Ukiwa na mzigo usiogawanyika, kama mashine au makasha ya bidhaa, usijaribu uwanja mdogo: nenda uwanja mkubwa, au utumie reli ya SGR, ukikumbuka kuwa stesheni ya Nairobi nayo iko Syokimau, upande wa Embakasi.

Ndege isiporuka

Swali ambalo naliona kuwa zito kuliko nauli ni hili: ndege yangu ikifutwa, nitafikaje? Katika uwanja mkubwa ndege ya saa moja ikikwama huenda kuna ya saa tatu na ya saa tano, pengine hata ya shirika jingine. Katika uwanja mdogo ndege inaweza kuwa moja au mbili kwa siku. Tena Jomo Kenyatta una mitambo ya kuongoza ndege kutua wingu likiwa chini, na ndege ndogo za Wilson huzuiwa na hali ya hewa kwa urahisi zaidi, hasa kati ya Juni na Agosti, asubuhi za Nairobi zinapoamka na wingu zito. Ninapopanga, mimi huhesabu ndege zilizobaki baada ya yangu kwa siku hiyo. Isipokuwepo hata moja, na ninachokwenda kukifanya ni kitu kisichoweza kuahirishwa, kama kufungua zabuni au kufika mahakamani, basi natumia uwanja mkubwa wa kwenda na mdogo wa kurudi. Kuchelewa kurudi nyumbani kunachosha, lakini hakuvunji mkataba.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwa anayeunganisha. Mtu hutoka Dubai au Kigali, anatua Jomo Kenyatta, na ndege yake ya Lamu inaondoka Wilson. Tiketi zote mbili zimeandikwa Nairobi, naye hudhani atatembea kutoka jengo hadi jengo. Inambidi apite uhamiaji, achukue mizigo, apite forodha, atafute teksi, ashike Southern Bypass au Barabara ya Mombasa, kisha aanze kujiandikisha upya. Tiketi zikiwa zimenunuliwa mbalimbali, shirika la kwanza halina wajibu kwa ndege iliyokuacha. Kwa maoni yangu acha saa nne baina ya kutua na kuruka, na kama ndege ya kimataifa inatua jioni, lala Nairobi. Ama tafuta kwanza kama kuna ndege ya kwenda huko inayoondokea Jomo Kenyatta penyewe, hata kama ratiba yake si nzuri sana.

Unapokata tiketi, soma alama za herufi tatu badala ya jina la jiji: NBO ni Jomo Kenyatta, WIL ni Wilson, MBA ni Moi wa Mombasa na UKA ni Ukunda. Baadhi ya tovuti za kuuzia tiketi hazionyeshi kabisa kampuni ndogo, kwa hiyo ingia kwenye tovuti ya kampuni yenyewe au uwapigie simu. Na kama safari inalipiwa na mwajiri, omba risiti yenye jina la kampuni yenu papo hapo unapolipa, maana kuifuatilia baadaye ni kazi.

Utaratibu huu hufaa kwingine pia. Kwa anayekwenda Arusha kutoka Dar es Salaam, uwanja wa Kisongo uko ukingoni mwa mji, ilhali Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) uko kati ya Moshi na Arusha, umbali wa kilomita zipatazo 50 kutoka Arusha. Mwenye kikao kwenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hana sababu ya kwenda KIA ikiwa saa za Kisongo zinamfaa. Mwenye kazi Moshi afanye kinyume chake. Kwa wanaosafiri London, uwanja wa London City, uliofunguliwa mwaka 1987 katika eneo la bandari za zamani, uko jirani na ofisi za Canary Wharf na una treni ya DLR mlangoni, lakini hufungwa kuanzia Jumamosi mchana hadi Jumapili mchana, kwa hiyo haumfai anayerudi Jumamosi jioni au Jumapili asubuhi. Na jina lisikuhadae: Stansted nao huitwa uwanja wa London, nao uko Essex.

Jioni ya kuamkia safari, ipigie simu kampuni uthibitishe saa na kituo cha kwanza cha kutua, kwani ratiba za ndege ndogo husogezwa hata usiku huo. Kisha mpe dereva wa teksi jina la kampuni yenyewe. Wilson hauna jengo moja la abiria wote. Kampuni nyingi zina ukumbi wao na lango lao kando ya Barabara ya Lang'ata, na ukimwambia dereva "Wilson" peke yake, anaweza kukushusha kwenye lango ambalo kutoka hapo utavuta begi juani robo saa nzima huku jina lako likiitwa kwingine.